Mashine Iliyofagiwa Kila Asubuhi

Kijana akinionyesha simu yake na kuniambia imekuwa nzito, mara nyingi nakuta ameshafuta kitu. Hajui alichofuta. Anajua tu kwamba palikuwa na kitufe cha kusafisha, akakibonyeza, na sasa anataka kukibonyeza tena. Huwa simcheki. Nilifanya kazi hiyohiyo kwa miaka katika mitaa ya Eastlands, wakati kila chumba cha kuchapa kando ya Jogoo Road kilikuwa na kompyuta moja au mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama viti vya sebuleni. Nilisafisha mashine nyingi sana. Baadhi yake nilizipunguza mwendo, tena kwa bidii kubwa.

Niliacha kufungua mashine macho yalipoanza kukataa skrubu ndogo. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii, kwa sababu swali mnaloniuliza zaidi ni kama kufuta faili za kuanzishia programu kunasaidia au kunachelewesha. Jibu ni fupi. Namna nilivyolipata ni ndefu kidogo, na karibu imgharimu mtu mwingine kazi yake.

Sikusomea kompyuta. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha rangi kule Industrial Area. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ililetwa na kitabu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka kile kitabu, nilikisoma mimi. Nilikisoma mara tatu, pamoja na kurasa za kueleza plagi za nchi ambazo sitafika. Kiwanda kilipopunguza watu, nilikodi nusu ya meza kwa fundi wa redio pale Mbotela, nikaandika kibao, nikangoja. Wa kwanza kuja alikuwa mwenye duka la vipuri kutoka Baba Dogo. Alinieleza kwamba mashine yake ilikuwa nzito, kwa hiyo aliisafisha mwenyewe kwa kufuta kila faili ambayo hakuitambua. Hakuwa ametambua nyingi. Mashine ilikuwa haiwaki tena. Aliniambia kwamba angalau sasa ina nafasi.

Kutokana na yule bwana nilipata wazo kwamba watu wanataka usafi, na kwamba afadhali usafi ufanywe na mtu anayejua. Nikatengeneza utaratibu. Nilikuwa na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, na daftari. Nilimketisha mteja kando yangu, nikawasha mashine, nikafungua programu ya kuchapa na kuhesabu. Sekunde thelathini na nane. Naandika. Kisha nafagia: faili za muda, pipa la takataka, na mwisho kabati moja la faili ndani ya Windows ya tisini na nane, linaloitwa Applog, ambalo lilikuwa limejaa vijifaili vidogo vyenye majina ya programu. Hakuna aliyenieleza kazi yake. Vilikuwa vingi, vilikuwa vidogo, na vilirudi kila siku kama vumbi, kwa hiyo niliviita vumbi. Nikimaliza nafungua tena ile programu ya kuchapa. Sekunde kumi na nne. Naandika.

"Fundi, umeiamsha!" watu walikuwa wakisema.

Daftari lilifika mashine sitini na kitu. Zote zilipata nafuu. Hakuna hata moja iliyoshindikana. Leo kijana akiniletea majaribio sitini ambayo yote yamefaulu, namwomba kwanza anionyeshe alivyopima.

Sasa, mmoja wa wateja wangu wa kudumu alikuwa Mama Nekesa. Alikuwa na chumba cha kuchapa pale Mbotela, mashine mbili, printa moja ya kelele, na benchi la kungojea. Kazi yake kubwa ilikuwa mitihani. Walimu wa shule za msingi za karibu walimletea karatasi za mkono, yeye akazichapa kwenye stensili, wao wakaenda kuzirudufu shuleni. Mashine moja aliitumia mwenyewe. Ya pili aliitumia msichana mmoja, Mutheu, ambaye alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Mutheu alitoka Baba Dogo alfajiri na alichapa kwa vidole kumi bila kutazama. Nimeona wachache wa namna hiyo.

Niliwaachia utaratibu kwenye karatasi. Kila asubuhi, kabla ya kazi, futa vumbi la Applog. Kila Jumamosi mchana, baada ya kufunga, futa tena, kisha washa ile programu ya kupanga faili kwenye diski na uiache ikimbie. Mutheu alipaswa kufagia na kupanga yake, Mama Nekesa yake. Ili mashine iwe tayari wateja wakija, Mutheu alianza kufungua chumba saa moja na nusu badala ya saa mbili.

Nilipopita katika mwezi wa tatu wa majaribio yake, Mama Nekesa alinipokea mlangoni.

"Fundi, karibu. Huyu msichana wako anaua mashine."

"Si wangu, Mama Nekesa. Ni wako."

"Ni wangu hadi mwisho wa mwezi."

Nikaingia. Kwenye benchi palikuwa na mwalimu mmoja mwenye karatasi za hesabu za darasa la sita mapajani. Mutheu alikuwa amekaa mbele ya kioo, mikono imekunjwa, anangoja programu ifunguke.

"Hii mashine huota moto kwanza?" mwalimu aliuliza.

"Umeona?" Mama Nekesa akaniambia. "Yangu ikiguswa imefunguka. Yake, mtu anaweza kwenda choo na kurudi. Zilinunuliwa siku moja, ofisi moja. Tofauti ni nini? Tofauti ni huyu. Hafuti."

"Mama, nafuta," Mutheu alisema bila kugeuka. "Kila asubuhi. Nafuta hata kabla sijavua sweta."

"Ungekuwa unafuta ingeenda kama yangu."

"Na yako, wewe unaifuta?"

"Mimi nauliza au naulizwa?"

Hapo mazungumzo yalifungwa. Nilipima. Ya Mama Nekesa, kufungua kwa mara ya kwanza baada ya kuzimwa na kuwashwa, sekunde ishirini na mbili. Ya Mutheu, arobaini na moja. Nilifungua masanduku yote mawili nikalinganisha kadi za kumbukumbu na diski. Zilikuwa sawa. Mama Nekesa alikwisha kuzungumza na chuo kimoja cha uchapaji kimletee msichana mwingine. Zilibaki wiki tatu mwezi uishe, na ushahidi wote dhidi ya Mutheu ulikuwa karatasi yangu mwenyewe: anayefagia huenda haraka, huyu haendi haraka, kwa hiyo hafagii.

Kule kiwandani palikuwa na fundi wa mizani, Mzee Kilonzo, mtu wa maneno machache aliyekuwa akija kurekebisha mizani za stoo. Kabla ya kuweka jiwe lolote la kupimia, alipima sahani tupu. Nilimuuliza siku moja kwa nini anapima kitu ambacho hakipo. Alinijibu, "Ili nijue mizani yenyewe inasema nini ikiwa peke yake." Nilikuwa nimelisikia jibu hilo, nikalisifu, na sikuwahi kulitumia. Nililikumbuka nikiwa nimeshika kifuniko cha kompyuta ya Mutheu.

Kesho yake nilifika saa moja na nusu, nikamkuta anafungua kufuli.

"Leo usifute kwanza," nilimwambia. "Nataka kupima."

Tuliwasha. Programu ikafunguka kwa sekunde arobaini na moja. Nikaifunga. Kisha, badala ya kufagia, nikaweka mikono magotini nikakaa kwa dakika tano, muda ambao kazi ya kufagia huchukua. Nikafungua tena. Sekunde kumi na tano.

"Umefanya nini?" Mutheu aliuliza.

"Sijafanya kitu."

"Mbona imefunguka?"

"Ndiyo ninajiuliza."

"Yaani hata ukikaa tu, inapona?"

"Inaonekana hivyo."

Akafikiri. "Na sisi huwa tunakuita wa nini?"

Maelezo yenyewe ni rahisi, na yatawafaa hata na vifaa vyenu vya leo. Mashine ikifungua programu mara ya kwanza, inazisoma faili kutoka kwenye diski, ambako ni mbali. Ukiifunga programu, mashine haizitupi faili hizo mara moja. Inaziweka karibu, kwenye kumbukumbu, ikitarajia utazihitaji tena. Mara ya pili hazitoki mbali. Kwa hiyo mara ya pili huwa haraka, uwe umefagia, umekaa, au umekwenda kununua mandazi. Mashine sitini na kitu za daftari langu zilikuwa zimepata nafuu kwa sababu nilizifungua mara mbili.

Hilo lilieleza kwa nini dawa yangu ilionekana kufanya kazi. Halikueleza kwa nini mashine ya Mutheu ilikuwa nyuma ya nyingine. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka miwili kabla: nilisoma. Maelezo yalikuwamo ndani ya mashine yenyewe, chini ya kile kitufe cha msaada ambacho hakuna fundi anayependa kuonekana akikibonyeza. Vile vijifaili havikuwa vumbi. Vilikuwa rekodi. Kila ulipofungua programu, mashine iliandika ni faili zipi programu hiyo imeziita, na kwa utaratibu gani. Jumamosi, ile programu ya kupanga diski ilisoma maandishi hayo na kuziweka faili hizo pamoja, kwa mpangilio zinavyoitwa, ili siku nyingine zisitafutwe huku na huku.

Sasa tazameni utaratibu wangu. Futa, kisha panga. Nilikuwa nimemwagiza Mutheu achome orodha, halafu ampe mpangaji kazi ya kupanga kwa orodha. Ukifuta asubuhi, hakuna kinachoonekana siku hiyo, kwa kuwa faili bado zipo mahali zilipopangwa mwanzo. Hasara inakuja Jumamosi mpangaji anapopita bila maelekezo, na inaonekana Jumatatu. Kosa lililotengana na matokeo yake kwa siku kadhaa ni gumu kulikamata. Mimi sikulikamata, na kazi yangu ilikuwa kulikamata.

Lakini Mama Nekesa naye alikuwa na karatasi ileile. Alipokwenda sokoni Makongeni, nilikaa kwenye kiti chake nikafungua lile kabati. Lilikuwa limejaa. Vijifaili vya zamani zaidi vilikuwa vya wiki ile mashine ilipoingia Mbotela.

Mutheu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hii ni ya Mama?"

"Ni yake."

"Hajawahi kufuta?"

"Hata moja."

Alicheka mkono ukiwa mdomoni. Kisha akaacha kucheka. "Fundi, usimwambie. Atasema nimempeleleza, na nitaenda hata kabla ya mwisho wa mwezi."

"Nikinyamaza utaenda mwisho wa mwezi."

"Najua."

"Basi wiki hii usifute kabisa. Jumamosi panga tu. Jumatatu nitapima."

"Akiniuliza?"

"Mwambie mimi ndiye nimesema."

Akanitazama. "Nilifuta kwa sababu ulisema. Sasa nisifute kwa sababu umesema."

"Ndiyo."

"Sawa," alisema, akarudi kwenye hesabu za darasa la sita.

Wiki hiyo nilianza kupita kwa wateja wengine kuondoa agizo langu. Ni kazi ngumu kuliko kuliweka. Bwana mmoja wa Makadara, aliyechapa kadi za harusi, alikataa.

"Tangu utuambie tufute, inaenda vizuri," alisema.

"Inaenda vizuri kwa sababu unaifungua mara ya pili."

"Basi nitaendelea kuifungua mara ya pili."

"Lakini si lazima ufute katikati."

"Katikati nitafanya nini?"

Nilimwachia aendelee kufuta, nikaenda kwa mteja mwingine.

Jumatatu mashine ya Mutheu ilifunguka kwa sekunde ishirini na sita. Haikufikia ishirini na mbili za Mama Nekesa, na sikutarajia ifikie, kwa kuwa ilikuwa na rekodi za wiki moja na ya Mama ilikuwa na za miezi. Nilirudia Jumanne na Jumatano nikiwasha mashine ikiwa baridi. Ishirini na sita, ishirini na tano. Nikangoja Mama Nekesa amalize chai.

Mnapokuwa na kosa la kukiri mbele ya mteja, nawashauri mwanze na sehemu yenu. Nilimweleza kwamba utaratibu nilioandika ulikuwa mbaya, kwamba nilipima vibaya, na kwamba Mutheu aliufuata utaratibu huo bila kuruka hata siku moja, na ndiyo sababu mashine yake ilichelewa. Nilisema "mimi" mara nyingi. Kwenye benchi walikuwa walimu wawili, mmoja akisoma gazeti.

Mama Nekesa alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo anayefuta ndiye anachelewa."

"Ndiyo."

"Na asiyefuta anaenda haraka."

"Ndiyo, mama."

"Na yangu inaenda haraka."

Mwalimu wa gazeti aliliteremsha kidogo.

"Ndiyo, mama," nilisema.

Mutheu alichapa kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Mama Nekesa aliweka kikombe chini. "Mimi niliona tangu mwanzo hiyo dawa yako haina kichwa wala miguu. Kufuta kitu hujui ni cha nani! Mimi nilikuwa napanga tu. Napenda kuangalia vile viboksi vya rangi vikihama kwenye kioo."

"Ungetuambia, mama," nilisema.

"Mliniuliza?"

Mutheu alikuwa amemuuliza, mbele yangu na mbele ya mwalimu. Hakulitaja hilo, wala mimi. Mama Nekesa akasema basi, yule msichana wa chuo asije kwanza, Mutheu amalize miezi yake tuone. Hilo "tuone" halikuwa kazi. Lilikuwa tu kutofukuzwa.

Nitakatiza kidogo niwape lile jibu fupi. Faili za muda, zile ambazo programu huacha umeme ukikatika, futeni zikijaza diski, programu zikiwa zimefungwa. Zinatoa nafasi. Hazitoi mwendo, ila diski ikiwa imejaa kabisa. Faili ambazo mashine imejiandikia ili ianzishe programu haraka, ziacheni. Ikiwa moja imeharibika na programu inaanguka kila ikifunguliwa, futeni hiyo moja, na mjue mara ya kwanza itachelewa wakati mashine inaandika upya. Na mkitaka kujua kama mmesaidia, zimeni, ngojeni, washeni, pimeni, mkilinganisha mara ya kwanza na mara ya kwanza. Vifaa vimebadilika sana tangu wakati huo, na diski za sasa hazina mbali na karibu kama zile. Namna ya kupima haijabadilika.

Sasa Mutheu. Kwa kuwa hakuna tena cha kufagia, alianza kufika saa mbili, saa iliyotajwa alipochukuliwa. Hakuna aliyemkataza. Wiki ya pili Mama Nekesa alituma mtu aniite.

Benchi lilikuwa tupu.

"Walimu wako wapi?" niliuliza.

"Wanapita saa moja na nusu wakienda shule," alisema. "Wanakuta kufuli. Kuna yule jamaa amefungua ng'ambo, anawapokea." Alinisogelea. "Fundi, hakuna kitu kingine cha kufuta asubuhi?"

"Hakuna."

"Hata kidogo? Vumbi la kweli?"

"Vumbi la kweli ni mara moja kwa mwezi."

"Tafuta."

Nakiri kwamba nilifikiri. Ningeweza kumpa Mutheu kazi ya kukagua diski kila asubuhi, inachukua nusu saa na haidhuru. Ingekuwa karatasi nyingine yenye mwandiko wangu.

"Mwambie tu aje mapema," nilisema.

"Nimwambie kwa sababu gani?"

"Kwa sababu unamhitaji."

Mama Nekesa aliangalia benchi, akaangalia mlango wa ng'ambo ya barabara, ambako mwalimu wa hesabu alikuwa anatoka na bahasha. Kisha akageuka kwenye kiti chake. "Mutheu. Kuanzia kesho unaweza kufungua ile saa yako ya zamani?"

Mutheu alimaliza mstari aliokuwa akichapa. "Naweza, mama. Lakini nitakuja kama nani? Mtu wa majaribio hapewi funguo za duka la mtu."

"Si ulikuwa unafungua?"

"Nilikuwa nafungua kwa sababu ya fundi. Sasa nafungua kwa sababu yako. Niandikie barua ya kazi."

Hakuinua sauti. Mimi niligundua kwamba skrubu moja ya printa ilihitaji kukazwa, nikaenda kuikaza.

Mama Nekesa aliichapa barua mwenyewe, kwa vidole viwili, kwa muda mrefu. Printa ikalia. Aliitia sahihi, akaipiga muhuri wa duka, akaipeleka meza ya pili. Mutheu aliisoma akiwa amesimama, mpaka chini, pamoja na tarehe. Kisha akachukua kalamu nyekundu aliyoitumia kusahihisha mitihani na kupigia mstari sehemu moja. Mama alikuwa ameandika kwamba kazi inaanza saa moja kamili.

"Na nusu," Mutheu alisema, akamrudishia. "Rudia, mama."

Mama Nekesa akarudia.